Kidole cha maji: siku sita kwenye Rhine, Rotterdam hadi Mannheim

Jumatatu, Rotterdam

Nilipopanda chomboni saa mbili asubuhi, nahodha alikuwa hajapakia hata kilo moja. Alikaa kwenye chumba cha usukani, simu mkononi, anaangalia kipimo cha maji cha Kaub. Kaub ni mji mdogo wa Ujerumani, zaidi ya kilomita 450 kutoka gati tulilofunga kamba, na ndio unaoamua leo hapa Rotterdam tupakie tani ngapi.

Kipimo kilisema sentimita 110. Nilidhani hicho ndicho kina cha mto, nikashtuka. Akanifahamisha kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi: kipimo ni kijiti cha kusomea tu, sifuri yake haikugusa sakafu ya mto. Pale Kaub unaongeza mita moja na kidogo ndipo upate kina cha njia ya meli. Kwa hiyo tutakuta maji ya mita 2.2. Toa robo mita ya kuachia chini ya tumbo la chombo, inabaki mita 1.95. Tuzame hapo, tusizidi.

Chombo chenyewe kina urefu wa mita 110 na upana wa mita 11 na nusu kasoro kidogo. Mto ukijaa kinabeba karibu tani 3,000. Leo tutabeba 1,400. Nitakiita tishari, ingawa matishari ya kwetu Malindi, Unguja, huvutwa na boti nyingine, na hili lina injini yake, jiko lake, mapazia ya vitambaa, vyungu vya maua, na gari dogo la familia lililoegeshwa juu ya paa la nyuma na winchi yake ya kulishushia. Nahodha na mkewe wanaishi humu. Bibi huyu naye ana leseni ya unahodha, wanapokezana usukani. Mtu wa tatu ni baharia kijana kutoka Ucheki.

Mimi ni karani wa ghala la mizigo hapa Rotterdam, mwaka wa kumi na moja sasa. Karatasi zinazopita mezani kwangu, nyingi zimeandikwa Duisburg, Köln, Mannheim. Nimeyaandika majina hayo maelfu ya mara bila kuifuata shehena hata siku moja. Safari hii niliiomba mwenyewe, nikatumia likizo yangu.

Shehena ni mashudu ya soya. Soya imevuka bahari kutoka Brazili, imekamuliwa hapa, mafuta yamekwenda njia yake, na makapi yanakwenda kulisha ng'ombe na nguruwe wa Ujerumani. Yalimiminwa ngamani kwa bomba nene, vumbi la manjano likapanda hadi kwenye nyusi, harufu kama ya njugu zilizokaangwa zikakaribia kuungua. Wakati huo Bibi alikuwa amechuchumaa omoni na tochi, anasoma alama za kina zilizopakwa ubavuni. Akasoma, akapiga kelele namba, akakimbia mita 110 hadi tezi, akasoma tena. Alifanya hivyo mara saba. Mara ya sita zilibaki sentimita mbili; ya saba zikaisha, akainua mkono, bomba likafungwa.

Nilimuuliza kwa nini asiache tu hizo sentimita mbili. Akasema sentimita 10 za kina kwenye chombo hiki ni tani 115. Nikaweka kidole changu cha shahada kwenye alama za rangi nyeupe, nikapiga hesabu mara mbili kuhakikisha. Upana wa kidole changu ni tani ishirini.

Tuliondoka alasiri na maji ya kujaa, maana bandari hii bado inapumua na bahari. Usiku tumelala Gorinchem.

Jumanne, Waal

Saa kumi na moja alfajiri injini ikawashwa. Kwa idadi ya watu waliomo, sheria inawaruhusu kutembea saa 14 kwa siku, na hawapotezi hata moja.

Rhine ikishaingia Uholanzi hugawanyika, na thuluthi mbili za maji yake hushika huu mkono uitwao Waal. Ndiyo barabara kuu. Vyombo vinapita kwa mamia kila siku, na nilichokuwa sikukijua ni adabu yake. Anayepanda mto ndiye anayechagua upande wa kupishana, maana yeye anakwenda polepole na anatafuta maji mapole. Akitaka mpishane kulia kwa kulia, anasimamisha ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayopepesa, na anayeshuka anajibu kwa ubao wake. Siku nzima bao za buluu zinainuka na kulala, kama watu wanaopungiana mikono.

Saa nne likatupita dude ambalo nilisimama kulitazama hadi likapotea: boti moja ya kusukuma, mbele yake matishari sita yaliyofungwa pamoja, matatu kwa mawili, yote yamejaa mtapo wa chuma, yaani mawe ghafi ya kuyeyushia chuma. Maji yakiwa mazuri msafara kama huo unachukua tani 16,000 kwa mkupuo mmoja. Unatoka Rotterdam kwenda tanuri za Duisburg, usiku na mchana, na chuma kinachofuliwa huko ndicho kinachorudi Uholanzi kikiwa mabati yaliyokunjwa, mashine na magari.

Upande wa kaskazini, nyuma ya tuta, inapita reli ya Betuwe. Waholanzi waliijenga kwa ajili ya mizigo peke yake, kilomita 160 kutoka bandarini hadi mpakani, wakaifungua mwaka 2007. Upande wa Ujerumani walikubaliana tangu mwaka 1992 kuipokea kwa njia ya tatu ya reli kati ya Emmerich na Oberhausen, na hiyo mpaka leo haijakamilika. Nahodha hakuitaja kwa kejeli. Aliitaja kwa masikitiko, maana maji yakipungua shehena yake hutafuta reli, na reli haina nafasi.

Mchana tukafika Lobith. Kila mtoto wa Uholanzi hufundishwa shuleni kwamba hapa ndipo Rhine inapoingia nchini. Kijiji cha bandarini kinaitwa Tolkamer, na maana yake ni chumba cha ushuru. Nilijikuta nacheka peke yangu kwa furaha, maana mimi nimezaliwa karibu na Forodhani. Kwetu nako zilikuwepo siku ambazo karafuu na pembe hazikupita pale bila kulipiwa, na leo watu wanakwenda kula urojo na mishikaki jua likizama. Jina limebaki limesimama, forodha imehama. Nilisubiri boti ya wakaguzi ije, au redio iulize tumebeba nini. Hakuna. Ukingo wa kushoto ukawa Uholanzi, kisha ukawa Ujerumani, kondoo ni wale wale. Nahodha alikuwa anakunywa kahawa.

Usiku huu, tukiwa tumefunga kamba Wesel, nimekaa na daftari. Biashara ya bidhaa kati ya nchi hizi mbili inazidi euro bilioni 200 kwa mwaka. Mwaka 2023 Ujerumani ilifanya biashara kubwa kuliko zote na China na Marekani, na wa tatu akawa Uholanzi, nchi ambayo ukiiweka ndani ya Tanzania unaipata zaidi ya mara ishirini. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini ina uvungu. Sehemu kubwa ya kile Uholanzi inachouza haikuota wala kutengenezwa Uholanzi. Imeingia Rotterdam, ikabadilisha mwenye mali, ikaendelea. Wachumi wana jina lake, wanaiita athari ya Rotterdam. Waridi la Naivasha linatua kwa ndege alfajiri, linauzwa mnadani Aalsmeer, jioni liko kwenye lori la kwenda Ujerumani, na kwenye vitabu linaweza kuandikwa kuwa limetoka Uholanzi. Faida inayobaki kwa bidhaa ya kupitisha ni ndogo mno kuliko ya kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Na haya mashudu yetu je? Soya ni ya Brazili, ukamuaji ni wa hapa. Karani kama mimi huandika neno moja kwenye karatasi na kuendelea, na nchi nzima inapata sifa au kukosa.

Jumatano, Wesel hadi Köln

Duisburg tumeipita asubuhi. Ndiyo bandari kubwa kuliko zote za mito Ulaya, moshi mweupe, marundo meusi ya mtapo, mabonde ya maji yanayoingia ndani kama vidole. Nilitarajia kukaa nayo zaidi, lakini kwenye maji mji ni mlango unaofunguka na kufungwa.

Nilichokiangalia zaidi ni vyombo vinavyoshuka. Vingi vimebeba kokoto. Uholanzi ni udongo wa mfinyanzi na mchanga laini, mawe haina ya kutosha, kwa hiyo kokoto nyingi za zege hushushwa na mto huu kutoka Ujerumani. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye ghorofa ya nne ya nyumba ya zege na sikuwahi kuuliza mawe yametoka wapi.

Baadhi ya mizigo haionekani kabisa. Mafuta ghafi kutoka Rotterdam hupita bombani chini ya mashamba, tangu mwaka 1960, hadi kwenye viwanda vya kusafishia huku upande wa Köln. Na shehena ya thamani kuliko zote haipandi tishari: vioo vinavyosuguliwa na kampuni ya Zeiss kule Oberkochen, Ujerumani, vinavyokwenda kwa lori hadi Veldhoven, Uholanzi, kwa kampuni ya ASML, ndani ya mashine za kuchora chipu za kompyuta. Kwa thamani, tishari letu lote la soya halifikii kikasha kimoja cha vioo vile. Lakini ng'ombe hawali vioo, na ukitaka kujua nchi mbili zinashikana kiasi gani, mimi naona utazame vizito na vya bei nafuu, vile ambavyo havivumilii nauli kubwa. Vinapita tu mahali ambapo njia ni rahisi kweli.

Alhamisi, Koblenz

Mvua ya manyunyu siku nzima. Bonn, milima inaanza, mto unakaza mwendo na sisi tunapunguza. Baharia ameosha vumbi la soya kwenye sitaha mara mbili.

Jioni nimempigia mjomba wangu Unguja. Ujana wake aliumaliza kwenye majahazi ya boriti, kutoka delta ya Rufiji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Uko wapi, mbona kama nasikia injini?”

“Niko mtoni, Ujerumani. Ndani ya tishari.”

“Mmezama kiasi gani?” Hakuuliza tumebeba nini wala chombo ni cha nani.

“Mita moja na sentimita tisini na tano.”

Akaguna. “Jahazi letu likijaa boriti lilikuwa linazama zaidi ya hapo. Na hilo lenu lina urefu gani?” Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. “Mita mia na kumi, na maji yanayompita mtu kidogo tu kichwani. Huyo nahodha halali.”

Kisha akauliza tunalipia wapi ushuru wa kupita. Nikasema hatulipi popote. Akarudia mara mbili: nchi mbili, na hamlipi? Nikamwahidi nitamjibu vizuri nikifika.

Ijumaa, Kaub

Mjomba alisema kweli, nahodha hakulala. Saa tisa usiku nilimsikia akipanda ngazi kwenda kutazama simu. Kipimo kimeshuka hadi 107. Tumepoteza sentimita tatu tangu Jumatatu.

Baada ya Koblenz milima inabana mto pande zote mbili, mizabibu imepandwa hadi juu kama imebandikwa ukutani, treni zinapita kushoto na kulia. Kwenye mwamba wa Loreley njia inajikunja, mtu haoni kinachokuja mbele, na wanaopanda hutegemea taa za ukingoni zinazowaambia kuna nani anashuka. Hapa Januari 2011 meli ya tangi iitwayo Waldhof ilipinduka ikiwa na karibu tani 2,400 za asidi ya salfa. Mabaharia wawili walikufa, na mamia ya vyombo vikakaa majuma vikingoja mto ufunguliwe. Bibi alipopita mahali pale alizima redio ya muziki. Hakusema kitu.

Kutoka hapo Kaub ni kilomita nane. Bibi akaondoa kikombe kwenye meza ya usukani, akasimama nyuma ya mumewe. Nahodha akapunguza mafuta. Nilidhani ni kwa ajili ya woga, kumbe ni elimu: chombo kikienda kasi kwenye maji machache hujivuta chini, tumbo lake hushuka, na kile kidole kimoja ulichokipakia kwa ujasiri Rotterdam ndicho kinachokugusisha mwamba. Sakafu ya mto hapa ni jiwe. Sehemu za chini ukipanda mchanga unaweza kujinasua, hapa chuma kinachanika.

Kwenye kioo cha kipima kina namba zilikuwa zinabadilika polepole. Huo ni umbali uliobaki kati ya tumbo letu na jiwe, kwa sentimita. 60. 48. 41. Injini ilikuwa imetulia hadi nikasikia sahani moja ikigongana na nyingine jikoni. 33. Nahodha aligusa usukani kwa ncha za vidole viwili, kushoto kidogo, akauacha. 27. Hapo hapakuwa na mtu aliyepumua vizuri. 24. 26. 38. Bibi akaweka kiganja mgongoni mwa mumewe, akashuka kwenda kuchemsha maji.

Katikati ya mto pale pale kuna ngome nyeupe juu ya kisiwa cha mwamba, imekaa kama meli iliyokwama. Inaitwa Pfalzgrafenstein. Ilianza kujengwa karibu mwaka 1327, na kazi yake ilikuwa moja: kutoza. Mnyororo ulivutwa majini, chombo kikasimama, mwenye ngome akachukua chake. Na hakuwa peke yake, bonde lote hili lilijaa ngome za kutoza, mfanyabiashara akitoka moja anaingia nyingine. Hapa Kaub ushuru uliendelea hadi miaka ya 1860. Leo ni makumbusho, watoto walikuwa ukutani wanatupungia. Nilitazama ile ngome na kipimo cha maji ng'ambo yake, mjini. Mtoza ushuru wa Kaub amebadilika tu. Wa sasa ni mto wenyewe.

Na anajua kutoza. Oktoba 2018 kipimo hiki kilishuka hadi sentimita 25, chini kuliko wakati wowote kilipoandikwa. Kiwanda cha kemikali cha BASF kule Ludwigshafen, kinachotegemea mto huu kwa malighafi, kilipunguza uzalishaji na kupoteza karibu euro milioni 250. Agosti 2022 yakapungua tena hadi kwenye thelathini na kitu. Mikataba ya usafirishaji ina nyongeza ya malipo inayopanda kadiri namba ya Kaub inavyoshuka, kwa hiyo nahodha hupata nauli nzuri wakati wa ukame. Nilidhani basi atafurahia. Akasema mwaka 2018 alipata pesa na hakupata usingizi, na wateja wawili waliohamia kwenye malori hawakurudi. BASF nao waliagiza meli ya tangi maalumu ya kupita kwenye maji machache, ikaanza kazi mwaka 2023.

Serikali ya Ujerumani ina mpango wa kuchimba njia ya meli kati ya St. Goar na Mainz, ili siku za maji machache kina kitoke mita 1.90 kifike 2.10. Sentimita 20. Nimezipiga kwa tishari letu: tani 230 kila safari, bila kuongeza injini wala mtu. Kuna wanaohofia samaki na kingo, na hofu hiyo nina heshima nayo. Lakini nimeona leo lile 24 likiwaka kwenye kioo, na malori yatakayochukua mzigo wetu siku tutakaposhindwa kupita nayo yana moshi wake. Mimi ningechimba.

Tumelala Mainz. Nimelala kama jiwe.

Jumamosi, Mannheim

Tumefika mchana, kwenye maji mapana na tulivu, ng'ambo ya mabomba ya Ludwigshafen yanayokwenda kilomita kadhaa bila kukatika. Upakuaji ni Jumatatu.

Nimempigia mjomba kama nilivyoahidi. Nikamwambia jibu la ushuru wake liko kwenye mji huu huu. Tarehe 17 Oktoba 1868 Baden, Bavaria, Ufaransa, Hesse, Uholanzi na Prussia walitia saini Mkataba wa Mannheim: mto ni wazi kwa vyombo vya mataifa, na hakuna atakayetozwa kwa sababu tu ya kupita. Dola nne kati ya hizo hazipo tena. Wametwangana vita vitatu tangu hapo, viwili vya dunia nzima, Uholanzi imekaliwa na Wajerumani miaka mitano, na mkataba umesalia. Kamati inayousimamia inakaa Strasbourg, na mizizi yake ni ya mwaka 1815. Watu wa Ulaya wakizungumza juu ya soko lao la pamoja huanzia miaka ya 1950. Ningependa waanzie huku mtoni.

Mjomba akauliza nani alikuwa wa kwanza kukubali kuacha kutoza. Sikuwa na jibu. Akasema hilo ndilo la kuulizia, maana wa pili na wa tatu ni rahisi.

Jioni Bibi alikuwa anafuta vumbi la soya kwenye majani ya maua yake kwa kitambaa kibichi, jani moja moja. Wana shehena ya kurudia, chumvi kutoka Heilbronn, juu ya mto Neckar, kwenda Uholanzi. Neckar ina mageti ya kushika maji, haina wasiwasi. Lakini ikishatoka Neckar inashuka Rhine, na kwenye Rhine iko Kaub, na wakala anataka kujua usiku huu waandikiwe tani ngapi.

Nahodha akafungua simu. 104, na utabiri wa siku nne unaonyesha 98. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akafuta, akampa mkewe kalamu. Bibi akafikiri, akaandika 1,250, akairudisha. Kisha akaichukua tena, akakata, akaandika 1,270.